DARAJA HUPIMWA KWA TANI, HALIPIMWI KWA KELELE

Hakuna jambo liwagawanyalo upesi watu wenye nia njema kama daraja lililopata ufa. Katika nchi ya Bukoba na Muleba mabishano ya namna hii yajulikana vema. Mvua kubwa ikipita, mto ukafurika, nguzo ikainama au tuta la maingilio likamomonyoka, daraja hufungwa; na kabla tope halijakauka watu huwa wamekwisha kugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema lifunguliwe leo hii, kwa kuwa watu wanaumia. Kundi la pili husema lisifunguliwe mpaka lijengwe upya, kwa kuwa watu watakufa. Maneno hayo husemwa sokoni, stendi ya mabasi na katika vikao vya madiwani, na kila kundi hulitazama jingine kana kwamba ni adui wa maendeleo.

Sisi twaona kuwa kila kundi limeshika nusu ya ukweli, na kwamba mabishano yao hayatakwisha mpaka swali lenyewe libadilishwe. Watu huulizana kama daraja lifunguliwe au lifungwe. Yafaa waulizane hivi: daraja hili, kwa hali yake ya leo, laweza kubeba tani ngapi? Ni nani aliyelipima? Na ni nani atakayesimama pale usiku na mchana kuhakikisha kuwa kipimo hicho hakivukwi? Mwananchi akipewa majibu ya maswali hayo matatu, sehemu kubwa ya ugomvi itakuwa imekwisha.

Kwanza yatupasa kueleza kwa nini daraja moja huwa jambo kubwa hivi katika sehemu zile. Nchi ya Bukoba na Muleba imeumbwa kwa migongo ya vilima inayokwenda sambamba na Ziwa Victoria, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde lenye tope, mafunjo na maji. Watu wamejenga vijiji vyao na kupanda migomba na mibuni yao juu ya migongo hiyo. Lakini soko, hospitali, shule au bandari mara nyingi iko ng'ambo ya bonde. Mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ambayo ni nyingi kuliko ile ya sehemu kubwa ya Tanzania, na miezi ya Machi, Aprili na Mei ndiyo hasa miezi ya mabonde kujaa. Mkoa mzima wa Kagera, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, una watu karibu milioni 3. Barabara kuu itokayo Biharamulo, ikapita Muleba hadi Bukoba, kisha ikaendelea Kyaka mpaka Mtukula mpakani mwa Uganda, ni mshipa unaowalisha watu wote hao. Mshipa huo ukikatwa mahali pamoja tu, maumivu husikika mwili mzima.

Sasa tuwasikilize wenzetu wanaotaka daraja lifunguliwe. Hao si wakorofi, wala hawafai kuitwa hivyo. Mkungu wa ndizi ukiisha kukatwa haungoji kikao cha kamati; huiva, huoza. Daraja likifungwa, mnunuzi mwenye lori hubaki ng'ambo, na mahali pake huja mlanguzi mwenye pikipiki, anayejua kuwa mkulima hana pa kukimbilia, akataja bei ya kutupa. Kwa upande wa pili, saruji, sukari na mafuta ya taa hupanda bei kwa sababu kila mfuko na kila dumu hubebwa mara mbili: gari hadi ukingoni, bega hadi ng'ambo, kisha gari jingine. Kibarua anayelipwa kwa siku hupoteza ujira wake. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Rubya au ya Ndolage huko Muleba, au hospitali ya mkoa mjini Bukoba, hawezi kuambiwa angoje ripoti ya wataalamu. Mwenye njaa hana miko, na wazee waliosema hivyo hawakuwa wakimtukana mwenye njaa, walikuwa wakimweleza.

Tena liko jambo jingine ambalo wanaoagiza daraja lifungwe hulisahau mara kwa mara. Magari yaliyozuiwa hayapotei. Huzunguka. Lori lililokuwa likipita barabara kuu hujipenyeza katika njia za udongo za vijijini, na kuvuka vidaraja na makalvati yaliyojengwa kwa ajili ya magari madogo. Kwa njia hiyo daraja moja lililofungwa bila mpango laweza kuua mengine matatu katika msimu mmoja wa mvua. Kufunga, kwa hiyo, si salama kwa sababu tu ni kufunga. Kufunga kuna gharama, na gharama hiyo kwa kawaida hulipwa na mtu asiye na sauti.

Baada ya kusema hayo, twawageukia wanaotaka daraja lisiguswe. Hao nao wana ushahidi mzito, tena umeandikwa katika makaburi. Hakuna mkoa katika Tanzania ujuao kuliko Kagera maana ya chombo kubebeshwa kuliko uwezo wake. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama ikiwa imekaribia mwisho wa safari yake. Ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Mamia ya watu walikufa, na taifa zima likaomboleza siku tatu. Wengi wa waliopanda hawakuwa wajinga wala wapumbavu. Walikuwa na haja ya kusafiri, na chombo kilikuwa pale, na kabla ya hapo kilikuwa kimekwenda na kurudi. Mtu asemaye juu ya daraja lenye ufa kwamba "jana lori lilipita salama" hana budi kuikumbuka meli hiyo.

Mfano wa pili ni wa tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo jina lao lajulikana nchini kote, zilifungwa na wanafunzi wakarejeshwa makwao. Yapo majengo yaliyobaki yamesimama, nayo kwa macho ya mpita njia yalionekana bado ni majengo. Lakini hakuna mzazi mwenye akili aliyedai mwanawe alale ndani ya bweni lenye ukuta uliopasuka eti kwa sababu paa bado liko juu. Ilikubaliwa kuwa kusimama si sawa na kuwa salama, na baadaye majengo mapya yakajengwa. Kanuni iliyotumika kwa bweni ndiyo ipasayo kutumika kwa daraja.

Hapa twapenda kueleza kwa lugha nyepesi jinsi daraja linavyokufa, kwa maana mabishano mengi hutokana na kutojua jambo hilo. Mtu akisimama juu ya daraja huona sakafu na vyuma vya pembeni, na akiviona vizima husema daraja ni zima. Lakini adui mkubwa wa daraja la mtoni hukaa chini ya maji. Mto ukifurika, maji yaendayo kasi huzunguka nguzo na kuchimba udongo chini yake. Mafuriko yakipungua, tope laini huingia katika shimo hilo na kulifunika, hata mtu akitazama aone chini kumejaa kama zamani. Kumbe nguzo yasimama juu ya uji. Gari dogo litapita. Gari la pili litapita. Lori la kumi litapita, nguzo ikishuka kidogo tu. Kisha litakuja lori jingine, lisilo zito kuliko yale yaliyotangulia, na hilo ndilo litakalokwenda na maji. Hali kadhalika ufa katika zege au chuma hurefuka kidogo kidogo kila uzito unapopita, nao hautoi sauti.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya nchi maskini peke yake. Tarehe 1 Agosti 2007 katika mji wa Minneapolis, Marekani, daraja kubwa la barabara lilianguka katika Mto Mississippi saa za jioni, watu wakitoka kazini. Watu 13 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa vipande bapa vya chuma vilivyounga mihimili ya daraja hilo vilikuwa vyembamba kuliko ilivyopasa tangu siku lilipojengwa. Siku hiyo sehemu ya daraja ilikuwa katika matengenezo, mchanga na mitambo imerundikwa juu yake, huku njia zilizobaki zikiendelea kupitisha magari. Daraja hilo lilikuwa limebeba watu kwa miaka 40. Miaka 40 ya kupita salama haikulizuia kuanguka katika sekunde chache.

Je, basi, tuseme kuwa kila daraja lenye kasoro lifungwe kabisa mpaka lipatikane jipya? La hasha! Hapo ndipo tunapoachana na kundi la pili. Kati ya kufungua kwa wote na kufunga kwa wote kuna njia ya tatu, nayo ni ya kufungua kwa kipimo. Njia hiyo si ngeni, na Kagera yenyewe imeiona ikifanya kazi katika saa iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika nchi yetu, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Mwanzoni mwa Novemba yalililipua Daraja la Kyaka, lililovuka Mto Kagera katika sehemu ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Bukoba. Adui alijua alitendalo: kulivunja daraja lile kulikuwa sawa na kuwatenga wananchi wa ng'ambo ya mto na taifa lao. Ulipofika wakati wa kumfukuza, jeshi letu halikungoja daraja jipya la zege. Lilivuka kwa madaraja ya muda. Lakini hakuna mhandisi wa jeshi ye yote duniani atandikaye daraja la muda kwa kubahatisha. Kifaru chajulikana uzito wake, lori lajulikana, na daraja lajulikana. Na kisichotimiza hesabu hakivuki, hata kama vita inangoja ng'ambo. Ikiwa vita haikuweza kuifuta hesabu hiyo, hatuoni ni kwa vipi biashara iweze kuifuta.

Madaraja ya vyuma ya kuunganisha vipande, yatumikayo leo katika dharura za namna hii, yametokana na kazi ya Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ubora wake ni huu: kipande kimoja cha ubavu huweza kubebwa na watu sita, na daraja zima huweza kuunganishwa kwa nguvu za watu na vifaa vya kawaida. Ukipanga ubavu mmoja mmoja, daraja hubeba uzito fulani. Ukipanga mbili mbili, hubeba zaidi. Na kila mpango una uzito wake ulioandikwa. Hivyo hata daraja la dharura huja na kipimo chake. Kulitandika na kisha kuacha kila mzigo upite ni sawa na kununua mizani na kuifunika gunia.

London, mji wenye mali nyingi, una Daraja la Hammersmith juu ya Mto Thames, lililofunguliwa mwaka 1887. Zilipoonekana nyufa, magari yalizuiwa mwezi Aprili 2019. Mwezi Agosti 2020 nyufa ziliongezeka, hata waenda kwa miguu nao wakazuiwa. Baada ya vipimo, waenda kwa miguu na wapanda baiskeli waliruhusiwa tena mwezi Julai 2021, lakini magari yalibaki nje. Wakazi wa pande zote mbili walilalamika kwa uchungu, kama watu wetu wanavyolalamika. Mfano huu wafundisha mambo mawili. Kwanza, daraja laweza kufunguliwa kwa hatua, tangu mguu wa mtu hadi gurudumu la lori. Pili, wakuu wakichelewa kutafuta fedha na kugawana gharama, hatua ya kwanza huweza kugeuka kuwa ya mwisho, na muda ukawa kaburi la subira ya watu.

Haraka nayo ina mfano wake kwa jirani zetu. Katika kaunti ya Busia nchini Kenya, Daraja la Sigiri juu ya Mto Nzoia lilianguka mwezi Juni 2017 kabla halijakamilika, muda mfupi baada ya Rais wa nchi hiyo kulikagua. Ziara ya kiongozi ni jambo jema, kwa maana huonyesha kuwa serikali inajali. Lakini ziara haiongezi hata kilo moja katika uwezo wa mhimili. Zege lina siku zake za kukomaa, na siku hizo hazifupishwi kwa hotuba.

Hatari ya tatu ni ya kusahau. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, abiria wakakwama kwa siku kadhaa. Njia ya muda ilitengenezwa na magari yakaanza kupita tena, nasi twawapongeza mafundi waliofanya kazi ile usiku na mchana. Lakini mwezi Aprili 2025 mvua ilirudi na kuikata barabara tena katika eneo lilo hilo. Maji hayakuwa na hila yo yote. Yalipita palepale yalipopita mwaka uliotangulia. Daraja la muda lisilo na tarehe ya kuondolewa ni ahadi isiyo na sahihi. Wasafiri wa Bukoba nao waliuonja ubaya wa njia kukatika mapema mwezi Machi 2020, mafuriko yalipoikata barabara ya Morogoro na Dodoma huko Kiyegeya, ambayo mabasi ya Kagera huipita. Kila mmoja aliona foleni za mabasi na malori zilivyorefuka. Msiba wa barabara moja huwafikia watu walio mbali nayo kilometa elfu moja.

Kutokana na hayo yote, twatoa shauri letu waziwazi.

Kwanza, atakayetamka kuwa daraja lifunguliwe au lifungwe awe mhandisi mwenye dhamana, naye aandike jina lake na kutia sahihi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS, na za wilaya chini ya TARURA. Mwananchi hana haja ya kuzungushwa kati ya ofisi hizo mbili. Daraja likiharibika, siku hiyo hiyo itangazwe ni lipi kati ya mashirika hayo lenye wajibu.

Pili, kipimo kitangazwe kwa tani, si kwa maneno kama "magari madogo". Basi dogo lililosheheni abiria na mikungu ya ndizi juu ya paa si gari dogo tena. Kibao kiwekwe mbali, kwenye njia panda ambapo lori laweza kugeuza, wala si ukingoni ambapo dereva amekwisha kupoteza saa mbili na anaona afadhali abahatishe.

Tatu, kipimo kilindwe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye mzigo wake katika barabara iliyo nzima. Ikiwa barabara nzima ina ukomo, iweje daraja gonjwa likose? Hapo ndipo penye jaribu kubwa. Kizuizi kinachofunguka kwa noti ya shilingi elfu kumi ni kibaya kuliko kutokuwa na kizuizi, kwa maana huwadanganya wanyonge wanaovuka wakidhani wamelindwa. Mto hautambui cheo. Gari la mzigo la tajiri, gari la kampuni na gari la mkubwa ye yote yapimwe kwa kipimo kimoja na gari la mkulima.

Nne, siku zote daraja likifungwa pawepo huduma ya kuvukia: njia salama ya waenda kwa miguu ikiwa wahandisi wameikubali, mtumbwi au kivuko kinachosimamiwa pale maji yanaporuhusu, na gari la wagonjwa likingoja kila upande ili mgonjwa abebwe hatua chache tu. Halmashauri nazo zipange njia ya mzunguko na kuilinda, ili malori yasiue barabara za vijijini. Amri ya kufunga isiyoambatana na mpango wa namna hiyo ni amri ya nusu.

Tano, tarehe zitangazwe: ya kupima, ya kuanza kazi, ya kumaliza. Zikibadilika, watu waelezwe kwa nini. Uvumi hustawi pale ambapo ofisi imenyamaza, kama magugu yanavyostawi katika shamba lisilopaliliwa.

Lakini wajibu si wa serikali peke yake. Dereva akatae mzigo unaopita kipimo, na chama cha wafanyakazi kimtetee atakapofukuzwa kwa kukataa. Kondakta asijaze watu eti kwa kuwa wamekubali wenyewe. Abiria watakiwapo kushuka na kuvuka kwa miguu, wasione wameonewa. Viongozi wa kijiji wawafichue wanaong'oa vyuma vya daraja na kuviuza kama chakavu, na wanaochimba mchanga mtoni karibu na nguzo, maana hao hulivunja daraja kabla ya mvua. Na wanachama wanaposimama katika mikutano kudai daraja lifunguliwe, wadai vilevile kuonyeshwa karatasi ya vipimo. Kudai cha kwanza bila cha pili ni kuomba hatari kwa sauti kubwa.

Mkulima wa Muleba mwenye ndizi zinazoiva na mhandisi wa Bukoba mwenye hesabu zake hawana ugomvi wo wote. Wote wawili wanataka kitu kimoja: mzigo ufike ng'ambo pamoja na aliyeubeba. Daraja na lifunguliwe mapema iwezekanavyo, kwa hatua, kwa kipimo kinachojulikana na kulindwa. Na mpaka siku hiyo gharama ya kungoja isiachwe juu ya mabega ya mnyonge peke yake.